Kusafiri na bunduki kwa ndege ndani ya Marekani: mwongozo kamili

Kubeba bastola au bunduki kwenye ndege ya abiria Marekani si kosa, mradi iko ndani ya begi unalokabidhi kaunta na umeitangaza. Wengi wetu tuliokulia Afrika Mashariki, ambako bastola tulizoea kuiona kiunoni mwa polisi, jambo hili hutushangaza. Huku mlinzi anayehamia jimbo jingine kikazi, mwindaji wa kulungu wa Minnesota na mlenga shabaha wa Texas wote hupanda ndege na silaha zao, na mara nyingi hakuna abiria mwenzao anayejua.

Wanaoingia matatani ni wale wanaokutwa nayo kwenye begi la mkononi. Mwaka 2023 TSA, idara ya usalama wa usafiri iliyoundwa baada ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001, ilikamata silaha 6,737 kwenye vituo vya ukaguzi wa abiria. Mwaka uliofuata zilikuwa 6,678. Katika miaka yote miwili, zaidi ya tisa katika kila kumi zilikuwa na risasi ndani. Uwanja wa Atlanta ndio ulioongoza. Kisingizio kinachosikika kila mara ni kimoja: nilisahau kama ilikuwa humo.

Kwa raia, kusahau huko kunaleta faini, aibu na pengine kesi. Kwa mwenye grini kadi kunaweza kuleta mengine kabisa. Ndiyo maana mwongozo huu nauanzia mbali kidogo na uwanja wa ndege.

Kwanza: je, wewe mwenyewe unaruhusiwa?

Sheria ya shirikisho inamzuia mtu aliyeingia kwa viza ya muda kumiliki au hata kushika silaha na risasi. Hapo wamo mtalii, mwanafunzi na mwenye viza ya kazi ya muda. Upo msamaha, na unaotumika zaidi ni wa mtu mwenye leseni halali ya uwindaji iliyotolewa na jimbo lolote la Marekani. Aliyeko nchini bila makaratasi hana ruhusa. Mwenye grini kadi anaruhusiwa, na mkimbizi aliyepokelewa rasmi haguswi na kifungu hicho, japo majimbo yana masharti yao juu ya hayo.

Uraia nao peke yake hautoshi. Aliyewahi kuhukumiwa kwa kosa kubwa la jinai amezuiwa. Vilevile aliyehukumiwa kwa kumpiga mke, mume au mwenza, hata kama korti iliita kosa dogo na akatoka siku hiyohiyo. Hili la pili linawanasa watu wengi kwa sababu walishamaliza adhabu wakadhani mambo yameisha. Anayezuiwa akikutwa na silaha anaweza kufungwa hadi miaka 15, na kuitangaza vizuri kaunta hakumwokoi. Ni kama amejipeleka mwenyewe.

Sasa lile la makaratasi. Sheria ya uhamiaji inasema mgeni yeyote, mwenye grini kadi akiwemo, akitiwa hatiani kwa kumiliki au kubeba silaha kinyume cha sheria anaweza kurudishwa kwao. Kifungu hicho hakiulizi kama ulikaa nchini miaka ishirini au kama watoto wamezaliwa huku. Faini ya kiutawala ya TSA siyo hukumu ya jinai, lakini polisi wa uwanja wanaweza kufungua kesi yao pembeni, na hiyo ndiyo ya kuogopa. Shika hili kichwani unaposoma yanayofuata.

Jimbo unalokwenda lina sheria zake

Usinunue tiketi kabla ya kusoma sheria za jimbo unalokwenda na za jimbo utakalobadilishia ndege. Kibali cha kubeba silaha cha Texas hakitambuliwi New York. New York, New Jersey na California zinakataza magazini (kile kikasha cha risasi kinachochomekwa kwenye bastola) zinazobeba zaidi ya risasi 10, ilhali magazini ya 15 au 17 ndiyo inayokuja ndani ya boksi unaponunua bastola ya kawaida dukani katika majimbo mengine. New Jersey ina masharti hata kwa risasi zenye ncha iliyotobolewa. Mtu anaweza kufuata kanuni zote za ndege na bado akakamatwa kwa sababu ya magazini.

Ipo sheria ya shirikisho ya mwaka 1986 inayomlinda msafiri anayepita tu. Inasema unaweza kuvuka jimbo lolote na silaha yako ikiwa unaimiliki kihalali ulikotoka na unakokwenda, haina risasi, na huwezi kuifikia kwa urahisi njiani. Watu huinukuu kama hirizi. Soma kwanza kilichompata mkazi mmoja wa Utah mwaka 2005.

Alikuwa anakwenda Allentown, Pennsylvania, akabadilishia ndege Newark, New Jersey. Bastola yake aliitangaza kule Salt Lake City, ikafungwa vizuri, kila kitu sawa. Ndege ya kwanza ikachelewa, ya pili ikampita. Begi likampotea kwa muda, likapatikana, na kwa kuwa hakukuwa na usafiri tena usiku ule, akalichukua akaenda nalo kulala hoteli ya karibu. Asubuhi akarudi uwanjani, akaitangaza bastola kama inavyotakiwa. Akakamatwa pale pale kaunta, akakaa mahabusu siku kadhaa. Mashtaka yalifutwa baadaye, akafungua kesi ya madai, na mwaka 2010 mahakama ya rufaa ya shirikisho ikamwambia hana kesi: usiku ule hotelini silaha ilikuwa karibu na mkono wake, kwa hiyo ulinzi wa ile sheria ya 1986 uliishia pale alipolichukua begi.

Hukumu hiyo ni kali, na sioni haki ndani yake, lakini ndiyo iliyopo. Kama unabadilishia ndege New Jersey au New York na ukakwama, usilipokee begi lenye silaha. Mwambie mhudumu libaki mikononi mwa shirika mpaka ndege yako ya kesho. Akikulazimisha kulichukua, omba waitwe polisi wa uwanja walihifadhi; majaji wenyewe waliitaja njia hiyo. Na kama unaweza kuchagua, lipa zaidi kidogo upate ndege ya moja kwa moja.

Kasha na kufuli

Kanuni inataka kasha gumu, limefungwa kwa kufuli, na ufunguo au namba ya siri awe nayo abiria peke yake. Kila neno hapo lina kazi.

Kasha gumu maana yake ni plastiki ngumu au bati, lisilobonyea. Mfuko wa turubai wenye zipu haufai hata ukiwa na kufuli. Lile kasha jembamba la plastiki linalokuja na bastola dukani nalo mara nyingi halifai. Lifunge, weka kufuli, kisha ingiza vidole kwenye kona iliyo mbali na kufuli uvute. Pakifunguka upenyo wa kuingiza kidole na kugusa silaha, kasha hilo litakataliwa. Kasha la bunduki ndefu lina matundu ya kufuli mawili, manne au zaidi. Yajaze yote, kwa sababu kona moja isiyo na kufuli inatosha kupinda.

TSA inakubali kufuli la aina yoyote. Yale makufuli ya mabegi yanayofunguka kwa ufunguo maalumu walio nao wakaguzi yanaruhusiwa pia, lakini mimi siyashauri. Kama funguo zake zimesambaa kwa maelfu ya wafanyakazi wa viwanja, unawezaje kusema ufunguo unao wewe peke yako? Nunua kufuli nene la duka la vifaa vya ujenzi.

Bastola huwa na njia mbili. Unaweza kukabidhi kasha lenyewe kama mzigo, au ukaliweka ndani ya sanduku la kawaida la nguo. Ya pili ni bora kwa sababu haivutii macho ya wezi. Kama kasha lina tundu la waya, pitisha waya wa chuma uuzungushe kwenye chuma cha mkono wa sanduku kwa ndani ili lisichomoke kirahisi. Sanduku la nje lenyewe liache bila kufuli, au liwekee lile ambalo wakaguzi wanaweza kulifungua. Linalotakiwa kufungwa ni lile lenye silaha.

Kuna wapiga picha Marekani ambao hupakia bastola ya kuanzishia mbio, ile inayopiga mlio tu, pamoja na kamera zao. TSA huihesabu kama silaha, kwa hiyo kasha zima linaruhusiwa kufungwa kwa kufuli ambalo mkaguzi hana ufunguo wake, na kamera za maelfu ya dola zinasafiri humo bila kuguswaguswa. Ujanja halali kabisa.

Kuitoa risasi

Fanya kazi hii nyumbani, usiku kabla ya safari, watoto wakiwa wamelala na simu ikiwa kando. Kamwe usiifanye kwenye maegesho ya uwanja wa ndege.

Elekeza mtutu upande salama, kidole nje ya triga. Toa magazini kwanza, ndipo uvute nyuma slaidi, ile sehemu ya juu ya bastola inayoteleza, ili risasi iliyoko chemba, yaani tundu la kufyatulia, iruke nje. Ukigeuza mpangilio huo, slaidi ikirudi mbele itapandisha risasi nyingine kutoka kwenye magazini, nawe utadhani umeimaliza. Ifunge slaidi ikiwa nyuma, angalia chemba kwa macho, kisha ingiza kidole kidogo uguse ndani, maana taa ya chumbani hudanganya. Rivolva, yaani bastola yenye silinda inayozunguka, fungua silinda uhesabu matundu yote. Bunduki ya kuvuta bolti (komeo la chuma linalofunga chemba), iache bolti wazi au itoe kabisa uiweke kando ya bunduki, ili mkaguzi akifungua kasha aone kwa jicho moja kwamba haina kitu.

Kanuni za shirikisho zinaihesabu silaha kuwa ina risasi ikiwa risasi iko chemba, kwenye silinda, au kwenye magazini iliyochomekwa. Ila kwenye kukadiria faini TSA inakwenda mbali zaidi: bastola tupu ikiwa kwenye begi la mkononi na risasi ziko mfukoni mwako, hiyo nayo ni silaha yenye risasi.

Risasi zenyewe

Zinakwenda kwenye mzigo wa kukabidhi peke yake, na haziruhusiwi kumwagwa hovyo ndani ya kasha au soksi. Ziwe kwenye boksi lililotengenezwa kwa ajili ya risasi, la karatasi ngumu, mbao, plastiki au bati. Boksi la dukani lenye vitundu linatosha. Unaweza kuliweka ndani ya kasha lile lile la silaha. TSA inaruhusu risasi hadi kaliba ya 0.75, na za shotgani za geji yoyote. Magazini zilizojazwa, ziweke ndani ya kasha gumu lenye kufuli au kwenye boksi linalozifunika zote.

Uzito ni suala la shirika la ndege. Mengi yanaishia pauni 11, yaani kilo 5, kwa abiria. Watu wawili wa familia moja hawaruhusiwi kuunganisha mgao wao kwenye boksi moja katika mashirika mengi, kwa hiyo soma ukurasa wa shirika lako. Baruti na viwashio vya kutengenezea risasi nyumbani ni marufuku kabisa, juu na chini. Kusema kweli, kama unakwenda kuwinda, nunua risasi huko huko unakokwenda.

Begi la mkononi

Hapa ndipo watu wanaponaswa, na sababu yake ni ya kijinga: begi lile lile unaloendea kazini au kiwanja cha shabaha ndilo unalopanda nalo ndege. Kama unamiliki silaha, tenga begi moja ambalo halijawahi na halitawahi kuwekwa silaha, na safari zote utumie hilo. Ukishindwa, ligeuze juu chini, fungua kila zipu, papasa bitana.

Usitafute bastola tu. Risasi moja iliyojificha mshononi haipiti. Magazini tupu haipiti, wala pini, bolti au sehemu nyingine ya silaha. Bastola ya plastiki ya mtoto inaweza kuzuiwa pia, iweke kwenye begi la chini. Darubini ya bunduki ndiyo pekee inayoruhusiwa mkononi, na ni vizuri kuibeba hivyo kwa sababu huharibika ikitupwatupwa.

Ikitokea skrini ikasimama na ofisa akakuuliza kuna nini kwenye begi, ondoa mikono yako. Novemba 2021, Atlanta, abiria mmoja aliyekuwa anakaguliwa alirukia begi lake, bastola ikafyatuka, na uwanja wenye shughuli nyingi kuliko vyote duniani ukajaa watu wanaokimbia wakidhani kuna shambulio. Simama wima, sema ukweli kwamba kuna silaha, subiri polisi. Mwaka 2024 faini ilikuwa inaweza kufika dola 14,950, na mwenye TSA PreCheck, ile ruhusa ya kupita ukaguzi kwa haraka, anaweza kuipoteza kwa miaka 5.

Kama huna uraia, kuna jambo moja la kushika: usikiri kosa lolote mahakamani ili mambo yaishe haraka kabla ya kuongea na wakili anayejua uhamiaji. Tangu mwaka 2010 Mahakama Kuu ya Marekani imeamua kwamba wakili wa jinai ana wajibu wa kumwambia mteja asiye raia kama kukiri kutamfanya arudishwe kwao. Mwulize kwa mdomo wako, na akisitasita mtafute mwingine.

Siku yenyewe kaunta

Fika saa mbili na nusu kabla, au tatu msimu wa sikukuu. Usilikabidhi begi kwa wale wapokea mizigo wa nje mlangoni, na mashine za kujihudumia ziache. Nenda kwa mhudumu wa kaunta, mpe kitambulisho, na mwambie kwa sauti ya kawaida kwamba unataka kutangaza silaha isiyo na risasi iliyoko kwenye begi hili. Anza na neno la kutangaza, “declare”, ndipo lifuate la silaha. Mpangilio huo unasaidia, hasa kwetu wenye lafudhi, kwa sababu mtu wa nyuma akidaka neno la bunduki peke yake atashtuka. Usifungue kasha mpaka uambiwe. Usiishike silaha mkononi hata ukiambiwa ufungue. Inua kifuniko, rudi nyuma.

Atakupa kadi ndogo, kwa kawaida ya rangi kali, uisaini kwamba silaha haina risasi. Kadi hiyo inakaa ndani ya begi. Shirika haliruhusiwi kubandika nje lebo inayosema humu mna silaha; sheria ya shirikisho inakataza, maana ingekuwa tangazo kwa wezi. Mhudumu mgeni wa kazi akitaka kuibandika nje, mwombe kwa upole amwite msimamizi.

Kisha begi linakwenda kukaguliwa, na hapa wengi wanakosea kwa haraka. Usiende moja kwa moja kwenye geti. Muulize mhudumu mahali pa kusubiri na muda, kwa kawaida dakika kumi hadi thelathini, na ukae hapo ukisikiliza jina lako. Viwanja vingine vitakusindikiza hadi chumba cha ukaguzi wa mizigo mikubwa. Wakihitaji kulifungua kasha na wewe umeshapita ukaguzi, begi linaweza kuachwa. Ufunguo uwe mfukoni mwako, usiwe kwenye sanduku ulilokabidhi. Inachekesha, lakini hutokea.

Kabla ya kutoka nyumbani piga picha namba ya usajili ya silaha na jinsi ulivyoifunga. Begi likipotea, polisi wataitaka namba hiyo kabla ya kitu kingine.

Ukishuka

Nenda kwenye mkanda wa mizigo haraka, usipitie dukani. Januari 6, 2017, huko Fort Lauderdale, Florida, abiria aliyetoka Anchorage alipokea kasha lake la bastola aliyoitangaza kihalali, akaingia nalo chooni, akajaza risasi na kuua watu watano penye mizigo. Tangu hapo Delta ilianza kuyafunga mabegi yenye silaha kwa mikanda ya plastiki na kuyatolea ofisini, kwa kitambulisho. Kwa hiyo begi lisipotokea kwenye mkanda, ulizia ofisi ya mizigo kwanza kabla ya kupaniki. Ukilipata, tembea nalo mpaka kwenye gari. Usilifungue ndani ya jengo, hata kwa kutaka kuhakikisha tu kama ipo.

Ukitaka kuvuka bahari nayo

Kanuni zote za hapo juu zinakupeleka mpaka mlango wa kutokea Marekani. Kabla ya kutoka, pitia ofisi ya forodha ya Marekani uwaoneshe silaha na ujaze Fomu 4457, inayothibitisha kwamba ulitoka nayo, ili ukirudi isihesabiwe kama umeiingiza. Upande wa pili, Tanzania inaruhusu uwindaji wa kitalii, na mwindaji huingiza bunduki kwa kibali cha muda ambacho kampuni yake ya uwindaji huanza kukifuatilia mapema sana. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, kwa hiyo sababu hiyo haina maana Nairobi, hata kama unapita tu kuelekea Arusha. Ukibadilishia ndege Amsterdam, Uholanzi nayo inataka kibali chake cha kupitisha silaha, ingawa wewe hutoki nje ya uwanja.

Na bastola ya kumpelekea mjomba zawadi, aliyekuambia kule kwenu ni ghali, iache dukani.